Elfu tano ya mhuri wa serikali ya mtaa: ni rushwa, ni mchango au ndio ustaarabu wetu?

Kibajaji Mstaafu

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu maana nyumbani kumechafuka, mimi na mama watoto hatuelewani kisa buku tano.

Juzi nimeenda ofisi ya serikali ya mtaa wetu, huku mbele ya Mbagala, mtaa siutaji, kuchukua barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki. Barua yenyewe mnaijua, mistari minne tu, mtajwa hapo juu ni mkazi wetu, tunaomba apewe ushirikiano, sahihi, mhuri. Wameshaichapa kabisa, vimeachwa vidoti vya kujazia jina. Nikakaa kwenye benchi kama wengine. Mtendaji hayupo, kaenda kikao kata, anayehudumia ni kijana mmoja ambaye sijui hata kaajiriwa na nani, yupoyupo tu pale na mwenyekiti. Anakuandika kwenye kaunta buku, anakuuliza shida yako, akimaliza anakwambia "ya mhuri elfu tano". Anavyoisema ni kama konda anavyodai nauli, hashushi sauti, hapepesi macho. Hela inaingia kwenye droo, risiti hakuna. Na ukutani juu ya kichwa chake pana lile tangazo la huduma ni bure, ukiombwa rushwa piga 113.

Nikamwambia mdogo wangu nipe risiti nikupe hela. Akacheka. Akasema mzee hii sio ada, ni mchango wa ofisi, karatasi hatuletewi, wino wenyewe tunanunua. Nikamwambia sawa, mimi sina neno na kuchangia ofisi, andika basi hapo kwenye kaunta buku kwamba fulani kachangia elfu tano. Kimya. Akasema nikae pembeni nimsubiri mwenyekiti.

Sasa hapo pembeni ndio nimekaa na bibi mmoja mtu mzima sana, mjukuu wake anaendesha boda, kakamatwa tangu usiku yuko kituoni na wanataka mdhamini mwenye barua ya mtaa. Yeye kaambiwa elfu kumi, eti barua ya dhamana ni nzito. Kafungua pindo la khanga pale mbele yangu, ana noti moja ya elfu mbili na sarafu, haifiki hata elfu nne. Akaambiwa bibi nenda kajipange. Na huku watu wanaingia, anakuja kijana na earphone zake masikioni anatoa noti hata hajauliza ya nini, paa mhuri, anasepa. Mwingine hivyohivyo. Bibi yupo palepale ameshika sarafu zake.

Nimerudi sina barua. Kumsimulia mama watoto nikitegemea ataniunga mkono ndio kanigeuzia kibao, ananiambia unatutia aibu mtu mzima unabishana na vitoto kwa buku tano wakati wageni wakija hapa soda tu inapita hiyo, mkono mtupu haulambwi, na kesho ukifiwa ni huyohuyo mwenyekiti atasimama msibani kwako, utamtazama vipi.

Swali langu: hii ni rushwa au sio rushwa? Na kama ni rushwa, mimi nikiitoa ili mambo yangu yaende nakuwa sawa na anayepokea? Na tafadhali msiniambie piga 113 halafu mkaishia hapo, hilo nimelisoma ukutani.

Kauzu wa Kimara

Mkuu una muda aisee. Buku tano kweli unatuletea uzi? Nchi hii EPA, ile akaunti ya madeni ya nje, iliondoka na bilioni 133 pale Benki Kuu mwaka mmoja wa fedha, 2005/06, ukaguzi ukafanyika, ripoti ikatoka, kelele weee. Ikaja Richmond, ile ya mkataba wa umeme wa dharura, Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, tukashangilia tukadhani tumefika. Ikaja Escrow 2014, zile hela za umeme za akaunti ya Tegeta. Yote hayo yamepita na wewe umeshikwa na hasira na dogo wa kaunta buku ambaye hiyo hela anaenda kulia chipsi mayai. Toa hela chukua barua fungua akaunti uendelee na maisha. Mama watoto ana akili kukuzidi.

Binti wa Tandika

Kauzu huyo dogo wa chipsi mayai hebu mpigie hesabu. Tuseme wanaingia watu ishirini tu kwa siku, buku tano tano, hiyo laki. Kwa siku. Kwa mwezi kuna mameneja hawaioni hiyo. Na hiyo bilioni 133 wewe na mimi hatujawahi kuiona kwa macho, ila hii ya droo tunaiona inaingia tena tunaiingiza wenyewe.

Kaka Kibajaji turudi kwako. Kisheria haina mjadala. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ni namba 11 ya 2007 na inamkamata anayeomba, anayepokea na anayetoa. Huyo kijana kusema ni mchango haibadilishi kitu kama bila huo mchango hupati huduma. Mchango ni kitu ambacho nikikataa bado nahudumiwa, sasa jaribu kukataa uone, si umeona mwenyewe umewekwa pembeni.

Halafu kuna kitu watu wengi mjini hawakijui. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kijiji kinaweza, kina halmashauri yake ya kijiji. Mtaa hauna hicho kitu, sheria ndogo za mjini zinatungwa na halmashauri, iwe Temeke, Kinondoni, Ubungo, Kigamboni au Jiji. Kwa hiyo akikwambia "ni utaratibu tumejiwekea mtaani" mwambie akuonyeshe sheria ndogo ya manispaa iliyoweka hiyo elfu tano, na kama ipo basi italipwa kwa kontro namba na risiti inatoka. Ile asilimia kumi mnayokamuliwa mkiuza nyumba ni hivyohivyo. Mimi marehemu baba alipouza kiwanja walikuja wanne wamekaa sebuleni wanasubiri hela ihesabiwe, mwenyekiti, mjumbe na wawili hata leo sijui walikuwa nani. Na mjumbe wenyewe wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la chama, tangu vyama vingi virudi 1992 sio ofisi ya serikali, ila mjini hapa bado watu wanaanzia kwake na bado anasaini.

La bibi ndio limeniuma kuliko lako, samahani. Dhamana ya polisi haiuzwi, hata kituoni wamebandika. Sasa yeye anaenda kulipia barua ya kuombea kitu ambacho ni bure.

Mwenyekiti Mstaafu

Nimesoma nikaona nisikae kimya maana nimekaa kwenye kiti hicho miaka mitano, kuanzia uchaguzi wa Desemba 2014. Sio mtaa wa mleta mada, wala sio wilaya hiyo.

Ndugu zangu mwenyekiti wa mtaa hana mshahara. Narudia, hana mshahara. Mtendaji ndio mwajiriwa wa halmashauri, ana mshahara wake na likizo. Mwenyekiti ana posho ambayo inategemea halmashauri imekusanya nini na imekukumbuka lini, kuna miezi hata salio la simu haitoshi. Na nani anagongewa saa nane za usiku? Mtendaji anakaa mtaa mwingine huko, hajui hata njia ya kwako. Mimi nimegongewa mume kamfungia mke nje. Nimegongewa maji ya mafuriko yameingia ndani kwa watu tumehamisha watoto kwa mabega. Nimesimama mbele ya kundi la vijana wameshika tairi na petroli wanataka kumchoma mtoto wa miaka kumi na saba kisa kaiba simu, nikakaa naye chumbani kwangu mpaka difenda ikaja. Hiyo yote bure. Asubuhi unafungua ofisi rimu ya karatasi hakuna, ukiomba kata unaambiwa bajeti. Ofisi yenyewe tulikuwa tumepanga na kodi ilikuwa inanidai mimi.

Kwa hiyo nilikuwa napokea. Elfu mbili, mwenye nayo. Asiyekuwa nayo alikuwa anaandikiwa, na mjane au mgonjwa sikuwahi kumuuliza, na nilikuwa naandika kwenye daftari kila hela na mkutano wa wananchi ukiitishwa nilikuwa naisoma, japo wanaokuja mkutanoni ni walewale wazee kumi na tano na watoto waliofuata kelele za spika. Sasa niambieni mimi ni mla rushwa? Nyie mnaotaka huduma ya bure mlishawahi kupeleka hata rimu moja ofisini kwenu?

Lakini huyo wa kumwambia bibi kajipange, hapana. Huyo simtetei. Na elfu kumi ya barua ya dhamana ni kufanya biashara ya mtoto wa mtu aliyeko mahabusu.

Kauzu wa Kimara

Mwenyekiti kwa hiyo ulikuwa unakula ila kwa adabu 😂😂

Mwenyekiti Mstaafu

Cheka tu mdogo wangu. Gombea wewe mwaka huo ukifika uone.

Sista Wodini

Mimi niko upande mwingine wa meza. Ni muuguzi, wodi ya wazazi, hospitali siitaji. Hili jambo tunaishi nalo kila siku na nimechoka watu kulizungumza kama ni jambo la sheria tu.

Mama akishajifungua salama, siku ya kuruhusiwa anakuja na mama yake mzazi, wamebeba khanga imekunjwa vizuri, kreti la soda, wengine maandazi ndoo nzima, wanatuimbia kabisa pale kolido. Hiyo mimi naipokea kwa mikono miwili na sitaona aibu mbele ya mtu. Ukimrudishia bibi khanga yake umemtukana, atadhani mtoto ana mkosi. Kazi imekwisha, mtoto kashazaliwa, hakuna ninachoweza kumpunguzia wala kumwongezea.

Sasa njoo kwa yule anayeingia na uchungu njia imefunguka sentimita sita, mume wake ananivuta pembeni ananishikisha elfu ishirini iliyokunjwa ndogooo mkononi, ananiambia sista niangalizie. Hakuna aliyemuomba. Mimi sijamuomba. Lakini kuna wanawake wengine wanane mule ndani na waume zao hawana elfu ishirini. Nikiipokea kuna kitu kinabadilika hata kama mwenyewe nitajidanganya hakibadiliki, usiku nitapita kitanda chake mara nyingi zaidi, na hizo mara za ziada nimezitoa kwa nani? Kwa mwanamke wa kitanda cha ukutani ambaye anajikaza halii. Mimi hizo huwa narudisha, na niwaambie ukweli, ukirudisha mwanaume anachanganyikiwa, anadhani ni ndogo, anaongeza. Mmoja aliongeza mpaka hamsini, jasho linamtoka, ananiuliza sista kwani nimekukosea nini. Ikabidi nimkalishe nimweleze kwamba nitamwangalia mkewe bila hiyo. Hakuniamini mpaka mtoto alipolia.

Hapo ndio naona shida yetu ilipo. Watu hawaamini kwamba kuna huduma ya kweli bila kumuona mtu. Na wengine wetu wauguzi tumewafundisha hivyo, sikatai, kuna wenzangu wanauza mpaka glovu za bohari.

Kibajaji elfu tano yako ni ya kabla. Kaka mwenyekiti, elfu mbili yako pia ilikuwa ya kabla, hata kama ulikuwa mpole.

Mwenyekiti Mstaafu

Sista nimekusikia. Ila wewe una mshahara.

Sista Wodini

Ninao. Na mwisho wa mwezi nadaiwa na muuza genge kama wewe.

Babu Kariakoo

Vijana hebu nipisheni kidogo. Sisi shuleni tulikuwa tunakariri ahadi za mwana TANU mchakamchaka alfajiri, "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa", nyingine "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu". Mtoto wa darasa la tatu anazijua zote bila kutazama. Na Mwalimu hakuishia kwenye ahadi, 1963 ilipita sheria ukipatikana na rushwa unakwenda jela na viboko ishirini na vinne, kumi na mbili siku unaingia na kumi na mbili siku unatoka, mwenyewe kwenye hotuba zake za 1995 alikuwa akisimulia hivyo vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkeo. Watu walikuwa wanacheka lakini walikuwa wanaogopa.

Halafu msidhani hili swali la Kibajaji ni jipya. Mzee Mkapa alivyoingia tu aliunda tume ya Jaji Warioba, ripoti ikatoka 1996, na ile ripoti iliwagawa wala rushwa mafungu mawili, wanaopokea kwa sababu kipato hakiwatoshi kujikimu, na wakubwa wanaokula kwa tamaa tu. Mwenyekiti hapo juu anajitetea kwa fungu la kwanza. Sawa. Lakini miaka inakwenda thelathini tangu ripoti hiyo na naona fungu la kwanza limejifunza tamaa ya fungu la pili, maana elfu kumi kwa bibi kizee sio njaa hiyo.

Na tena mnasahau mlikotoka na siasa zenu. Mwaka 2000 walibadilisha sheria ya uchaguzi wakaingiza takrima, eti mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa mila na desturi sio rushwa. Mkala pilau mkavaa kofia na fulana. Mpaka Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao walipokwenda Mahakama Kuu, 2006 ikatamkwa ni kinyume cha Katiba. Ilifutwa kwenye karatasi, kwenye vikao vya kura za maoni ndani ya vyama sijui kama ilipata taarifa. Mtu aliyenunua kura yako kwa khanga atakuuzia mhuri, ulitegemea afanye nini, hela yake irudi vipi?

Kauzu wa Kimara

Babu viboko vya kuingilia na kutokea nimevipenda aisee. Ila zama hizo hizo si ndio sukari mlikuwa mnaipata kwa kujuana na meneja wa duka la ushirika? Mzee wangu mwenyewe amenisimulia, miaka ya themanini kipande cha sabuni mpaka uwe na mtu. Msitupige kamba na zama zenu.

Babu Kariakoo

Hilo ni kweli na sibishi. Magendo yalikuwepo. Lakini mtu alikuwa anatoa mlango wa nyuma na anaangalia huku na huku. Hashiki mhuri chini ya tangazo la 113 akakutajia bei.

Ustadhi wa Buza

Assalam alaykum. Nijibu lile swali la pili la mleta mada maana wengi mmeliruka, kwamba je mtoaji ni sawa na mpokeaji. Katika dini yetu Mtume amewalaani wote wawili, mtoa rushwa na mpokeaji, hilo maarufu. Lakini wanazuoni wengi wamefafanua kwamba mtu ambaye haki yake imezuiwa na hana njia nyingine ya kuipata, akatoa ili apate haki yake tu, dhambi inabaki kwa aliyemzuilia. Ila sharti lake zito, usichukue cha mwingine. Ukitoa ukapewa barua ambayo ni haki yako, ni jambo moja. Ukitoa ukamruka aliyekutangulia, umeingia kwenye kile kilicholaaniwa.

Sasa wale vijana waliokuja nyuma ya bibi wakatoa noti wakaondoka, kila mmoja alikuwa anataka haki yake, barua yake mwenyewe. Lakini kila mhuri uliogongwa ni zamu ya bibi. Hapo mimi hata fatwa siitoi, nauliza tu.

Mama Kumi na Moja

Ustadhi umenigusa. Mimi ni mfanyabiashara ndogondogo nauza vitenge, na niseme ukweli hawa mnaowaita vijana wa kutoa noti bila kuuliza ni mimi. Nina mtoto mgongoni, nimefunga banda, dakika nilizokaa pale wateja wanaenda kwa jirani. Mtu akiniambia elfu tano natoa, sina nguvu ya kusimamia katiba saa nne asubuhi. Nyie wanaume mnaweza kukaa benchi siku nzima kwa ajili ya msimamo halafu mkirudi chakula kipo. Mke wa Kibajaji namwelewa kabisa, sio kwamba anapenda rushwa, anajua nani atatumwa kesho kwenda kuchukua hiyo barua.

Kibajaji Mstaafu

Mama Kumi na Moja umejuaje? Maana ndio ilivyokuwa. Niwape mrejesho.

Jana mama watoto kaenda mwenyewe, hakuniambia. Kanunua rimu ya karatasi dukani kapeleka, kamwambia kijana hii hapa karatasi zenu, nipe barua ya mume wangu. Kijana karatasi kapokea na bado kamwambia ya mhuri. Akampa. Karudi na barua kaiweka juu ya TV bila kusema neno. Mpaka sasa iko hapohapo, benki sijaenda na sijui naenda lini, ila akaunti naitaka.

Mwenyekiti Mstaafu mimi nakuheshimu na la posho nimelielewa, kwa kweli sikujua ni hali hiyo. Lakini ulichosema mwenyewe ndicho nilichoomba pale, iandikwe kwenye daftari isomwe. Kijana aliposikia "andika" ndipo aliponifukuza. Kama ingekuwa njaa ya ofisi angeandika. Nimepanga mkutano wa mtaa ukiitishwa nisimame niulize mapato ya mihuri, na nimeshaongea na majirani wawili, mmoja kakubali, mwingine kasema ana kesi ya mpaka wa kiwanja inamsubiri mwenyekiti kwa hiyo yeye atakaa nyuma kabisa atapiga makofi tu.

Binti wa Tandika

Nenda na barua ya maombi kwa mtendaji wa kata kabla ya mkutano, iandike kabisa unataka taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa isomwe, nakala abaki nayo na yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mkutanoni wakikurukia una karatasi mkononi. Na usiende peke yako.

Kauzu wa Kimara

Huo mhuri wa kupokelewa nao sh ngapi? 😂

Sista Wodini

Jamani tumeongea yote, bibi je? Alipata barua?

Kibajaji Mstaafu

Alipata. Mimi nilikuwa na nauli tu siku ile, nikaenda kijiweni kwa madogo wa boda nikawaambia, mjukuu ni mwenzao kumbe, wakachanga palepale ikafika elfu kumi na kitu. Kijana akahesabu akagonga mhuri. Ilikuwa imeshafika saa kumi kasoro, dogo mmoja akampakia bibi mpaka kituoni, wakaambiwa mwenye jalada ameshatoka waje kesho. Mjukuu kalala ndani usiku wa pili. Katolewa keshoyake mchana.

Mama Kumi na Moja

Na kituoni walidaiwa?

Kibajaji Mstaafu

Yule dogo wa boda nimemuuliza. Kaniambia "mzee we acha tu", akawasha pikipiki akaondoka.